JAMANI, ACHENI KUSAGA STATA!

Nimerudi chuoni kutoka nyumbani Nyarero, Tarime, na kabla lekcha hazijatubana kuna jambo nataka nilitoe rohoni. Mlioniomba habari za likizo mnisamehe, leo ni pikipiki tu.

Asubuhi kule kwetu ni baridi, siyo hii ya kuvulia shati mliyoizoea nyie watu wa Dar. Kijiweni saa kumi na mbili utasikia kelele moja tu: nyiii-nyiii-nyiii! Mtu kabana batani ya stata, hesabu hadi ishirini hajaachia. Ikigoma anabana tena hapo hapo. Stata ikifa baada ya miezi michache unaambiwa, "Pikipiki za siku hizi feki, mura."

Mimi nakataa. Feki zipo, sibishi, lakini nyingi tunaziua wenyewe. Na nasema wazi: wa kwanza kulaumiwa siyo dereva, ni tajiri aliyempa pikipiki.

Tuanze na stata yenyewe. Ni mota ndogo ya umeme, ndani ina brashi za kaboni zinazosuguana na shaba. Inavuta umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye pikipiki, tena kutoka kwenye kibetri kidogo cha volti 12. Imetengenezwa ifanye kazi ya sekunde chache ipumzike. Ukiing'ang'ania inapata joto, brashi zinaisha, betri inachoka. Betri ikichoka stata inazunguka kwa shida, joto linazidi. Ndiyo mwisho wake.

Vitabu vya watengenezaji vinasema kabisa: usibane zaidi ya sekunde 5, ukiachia subiri kama sekunde 10 ndipo ujaribu tena. Sasa niambieni, hicho kitabu kiko wapi? Kiko kabatini kwa tajiri, bado kimo ndani ya nailoni yake, tena kwa Kiingereza! Dereva hajawahi kukiona. Lakini stata ikifa, nani analipa? Dereva. Hesabu ya siku iko pale pale, na kama ni pikipiki ya mkataba ndiyo kabisa, matengenezo yote ni juu yake. Sisi tunaosomea ualimu tunaambiwa kila siku usimtahini mtoto kitu ambacho hukumfundisha. Tajiri anatahini, anasahihisha, na ada anachukua.

Najua jibu la vijana wa kijiweni: "Abiria anasubiri, nitahesabu sekunde saa ngapi?" Haya, tupige hesabu. Bana sekunde 5, pumzika 10, bana tena 5. Jumla 20. Ni zile zile 20 ulizokuwa unasaga bila kuachia! Hakuna muda uliopoteza.

Halafu kuna hili la choki. Wengi hawaigusi, eti inakula mafuta. Injini ya kabureta ikiwa baridi petroli haigeuki mvuke vizuri, ndiyo maana choki inapunguza hewa ili mafuta yazidi kidogo. Dakika moja au mbili za choki ni mafuta kiduchu sana. Stata mpya ni shilingi ngapi? Kweli tunabana kijiko tunamwaga ndoo.

Na wale wanaojidai "mimi napiga kiki tu" wasicheke. Kuirukia kiki kwa uzito wote kabla meno hayajakamatana ni kuyala hayo meno. Ikianza kuteleza, fundi lazima afungue ubavu wa injini, na hapo jiandae.

Basi utaratibu ni huu, chukueni mpeleke vijiweni kwenu:

1. Fungua koki ya mafuta, weka frii, zima taa, bana klachi.
2. Asubuhi ya baridi vuta choki yote, usivute resi.
3. Kama una kiki, asubuhi anza nayo. Ikanyage taratibu mpaka uhisi imeshika, ndipo uisukume mpaka chini. Usiiache ikarudi yenyewe kwa kishindo.
4. Ukitumia stata, sekunde 5, pumzika 10. Mara tatu imegoma? ACHA. Angalia plagi, angalia mafuta. Stata haitengenezi plagi chafu.
5. Ukinusa petroli imezidi, rudisha choki, vuta resi yote, piga kiki mara kadhaa.
6. Ikiwaka, achia batani hapo hapo, na usiibane tena injini ikiwa inanguruma. Ikipata moto rudisha choki, usije ukachafua plagi.

Mafuta nayo tuyaangalie. Yale ya kwenye chupa barabarani yanaweza kuwa na maji, uchafu, au mafuta ya taa. Uchakachuaji uliota mizizi mpaka EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Hata ungekuwa na stata mpya, mafuta ya namna hiyo yataitesa.

Msinicheke kwamba msomi mzima anaandika habari za stata. Usiku, kijijini, mama ana uchungu na hospitali iko Tarime mjini, pikipiki ndiyo gari la wagonjwa. Hapo ndipo utaona watu wanaisukuma kwenye tope ili iwake, mgonjwa kakaa pembeni kwenye jiwe. Huo siyo utani.

Stata ya umeme ilianza kuuzwa kwenye magari ya Cadillac mwaka 1912, kazi ya Mmarekani Charles Kettering. Zaidi ya miaka 100! Tusidanganyane kwamba ni mambo mageni hayajulikani. Yanajulikana, ila yamefungiwa kabatini.

Kwa hiyo matajiri wa Nyarero na kwingineko: siku unayomkabidhi kijana funguo, mkabidhi na maelezo, kwa lugha anayoielewa, nusu saa tu. Kama hukumfundisha, stata ikifa lipa wewe. Anayebisha aje hapo chini, niko tayari.

Siku njema wadau.