SOKWE ANAKINGWA NA MAFUA, MTOTO WA KALINZI JE?

Ukienda Mahale kutazama sokwe utavalishwa barakoa. Utaambiwa usimsogelee mnyama chini ya mita 10, na ukiwa na mafua hutapandishwa mlimani. Si uonevu. Mwaka 2006 kikohozi kiliwavamia sokwe wa huko, baadhi wakafa, na wataalamu wakakuta kirusi cha jamii ile ile inayowaugua watoto wetu.

Hatuna kinyongo na sokwe. Wanaleta fedha za kigeni, na ni viumbe wa Mungu. Tunauliza tu: kaskazini mwa mkoa huo huo, huko Kalinzi, mtoto anakingwa na nani?

Kalinzi ni nchi ya kahawa na baridi. Mvua zikishika, watoto hushinda ndani na moshi wa kuni. Mmoja akipiga chafya, nyumba nzima inakohoa. Mtu mzima atapona. Kichanga ni habari nyingine. Kirusi kiitwacho RSV huvimbisha vijia vya hewa mapafuni, na kwa mtoto wa miezi miwili vijia hivyo ni vyembamba mno. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 7, Kilifi ya Kenya ikiwamo, na kutangazwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa RSV ndiyo iliyoongoza kwa kuwalaza watoto kwa vichomi vikali: karibu mmoja katika kila watatu. Na vidonge vya duka la dawa haviuwi kirusi.

Mama, hesabu pumzi za mwanao kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, zikifika 60 ni hatari. Kabla ya kutimiza mwaka, 50. Baada ya hapo, 40. Mbavu zikibonyea ndani au akikataa ziwa, usingoje kuche.

Lakini aende wapi? Mtoto huyo anahitaji oksijeni. Kujua kama imempungua kunataka kipimo kidogo cha kubana kidoleni, si mtambo wa mabilioni. Kisha kunataka usafiri wa kushuka mpaka Maweni, usiku, kwenye matope. Walalahoi wanapanda bodaboda, mtoto mgongoni. Mashangingi ya vigogo njia hiyo yanaijua, hasa msimu wa kura.

Tuseme ukweli, chanjo ya vichomi iliyoingia nchini mwanzoni mwa 2013 imeokoa wengi. Lakini ile ni ya bakteria, RSV haiigusi. Ipo chanjo nyingine, anachomwa mjamzito ili mtoto azaliwe na kinga, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa nchi zote mwaka 2025. Waziri wa Afya atuambie mama wa Kigoma ataipata lini.

Na tusiambiwe tena kwamba matibabu ya watoto ni bure. Kuchangia gharama kulipoanza mwaka 1993, walio chini ya miaka 5 walisamehewa. Msamaha huo mara nyingi huishia dirishani: dawa hakuna, mzazi akanunue. Mganga wa zahanati tusimlaumu, hawezi kugawa asicholetewa.

Kwa hiyo wakija na vitenge vyao, pokeeni. Kisha waulizeni ni zahanati ngapi za Kigoma Vijijini zenye kile kipimo cha kidoleni, na gari la wagonjwa hulala wapi usiku wa mvua.