Masanduku ya majani ya mgomba yasimngoje mgeni

Mafundi wa Kivu wanaopamba masanduku, kadi na picha kwa majani makavu ya mgomba wamepoteza soko, na kosa si la mikono yao. Kwa miaka mingi mnunuzi wao alikuwa mgeni: mtalii aliyekuja kuona gorila, mfanyakazi wa shirika, mtu wa MONUSCO aliyetafuta zawadi ya kupeleka kwao. Mwisho wa Juni 2024 MONUSCO ilifunga shughuli zake Kivu ya Kusini. Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23, uwanja wa ndege ukafungwa, na Februari ikafuata Bukavu. Mgeni akaenda na pesa yake. Kumwambia fundi angoje mpaka arudi ni kumwambia alale njaa.

Kazi yenyewe haidai mtaji mkubwa. Jani huchumwa likiwa limekwisha kukauka juu ya mgomba. Bichi huota ukungu chini ya gundi na kuharibu sanduku zima. Hufutwa vumbi, hunyooshwa kwa pasi ya vuguvugu au hulazwa siku kadhaa chini ya vitabu vizito, kisha hukatwa kwa wembe. Rangi hainunuliwi: jani hutoa kahawia, maganda ya shina hutoa rangi za maziwa hadi nyeusi, na fundi mzoefu hupata kivuli cha mlima bila tone la rangi ya dukani. Ulaya wanaopenda kazi kama hii hungoja majani ya miti yageuke mekundu na kuanguka, majuma machache kwa mwaka. Huku mgomba hukausha majani mwaka mzima. Gundi nyeupe ya maseremala, kartoni zinazotupwa na maduka, vernishi kidogo, basi.

Lakini mafundi nao waambiwe ukweli. Gorila, mama na mtungi, mtumbwi ziwani: picha hizo zilitengenezwa kwa macho ya mgeni. Mkaaji wa Kadutu hanunui picha ya mtumbwi anaouona kila asubuhi. Sanduku ni jambo lingine, kwa sababu lina kazi. Harusi zinafungwa hata wakati wa vita, na zawadi bado zinafungwa ndani ya karatasi ya kung'aa kutoka ng'ambo, ambayo huchanwa na kutupwa usiku huohuo.

Kuna tena sheria. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki. Mkaaji yeyote anajua kilichofuata: mifuko ingali sokoni na mifereji ingali imeziba. Bila shaka sanduku la mgomba haliwezi kubeba unga au chumvi, ni ghali mno kwa hayo. Kahawa ya Idjwi, Kalehe na Minova, asali, sabuni nzuri: hizo zinastahili vazi la nje la hapa hapa. Kahawa itahitaji pia mfuko wa ndani usiopitisha hewa, la sivyo harufu yake itapotea, na mara nyingi mfuko huo una plastiki. Hata hivyo, vyama vya ushirika vya kahawa vinavyolipia vifungashio vya kuchapishwa mbali vingeweza kuagiza masanduku mia kwa majaribio. Inashangaza kwamba vinasubiri.

Mtu asidhani malighafi haiishi. Mnyauko wa migomba, ulioonekana Masisi mwaka 2001, umewalazimisha wakulima wengi kung'oa mashamba yao, kwa hiyo mwenye shamba naye alipwe anapotoa majani yake, hata kidogo.

Inabaki bei. Sanduku la pete, au la gramu 250 za kahawa, likipigiwa hesabu kwa franka na si kwa dola za mtalii, linaweza kuwa sokoni kabla ya harusi za Desemba.