Mwenye duka, niuzie poda. Usiniulize ni ya nani

Hebu nikuulize, msomaji. Ni lini mara ya mwisho ulienda dukani kununua kiberiti, mwenye duka akakuuliza unaenda kuwasha nini? Au ukanunua wembe ukaulizwa ni wa ndevu za nani? Nadhani haijawahi kutokea. Unatoa pesa, unapewa kitu chako na chenji, unaenda zako.

Mimi nikiingia duka la urembo hapa Ikonge nikaomba poda ya kahawia na penseli ya nyusi, biashara husimama kwanza.

"Ni ya nani?"

"Ya dada."

"Dada yupi? Yule mkubwa?"

"Eeh, huyo huyo."

"Na mbona hakuja mwenyewe?"

Wakati huo kuna mama mmoja nyuma yangu ananunua mafuta ya nywele, na vijana wawili wa boda wameegemea mlango. Wote wamenyamaza wakisubiri jibu langu, kana kwamba ni kesi.

Wacha niseme waziwazi ndiyo tusizungukane. Dada hajanituma. Poda ni yangu, na hiyo penseli ni yangu pia. Mimi ni mwanamume, niko na miaka ishirini na kitu, nachuma majani chai asubuhi kama vijana wengine wa huku, na kuna siku hupenda kuvaa nguo za kike na kujipodoa. Sifanyi hivyo kila siku na sifanyi barabarani. Nikiwa chumbani kwangu, au nikiwatembelea marafiki wanaonijua, navaa rinda, napaka rangi ya midomo, najitazama kwenye kioo na roho inatulia. Mambo mengine usinijazie, kwa sababu hujaniuliza na mimi sijakwambia.

Huhitaji kunielewa ndiyo usome makala haya hadi mwisho. Ninachozungumzia leo ni kaunta ya duka tu.

Nguo hazijawahi kunisumbua. Nikienda Kisii, soko la Daraja Mbili, hakuna anayejali. Unainama kwenye rundo la mitumba na kuchagua rinda, na muuzaji anadhani unanunua ili ukauze kwenu. Shida ni vipodozi. Poda hupatikani nayo kwa kukisia kama rinda. Lazima ilingane na ngozi yako, na hiyo ndiyo inakulazimu usimame mbele ya mtu, uonyeshe uso na uulize maswali. Mtu anayejificha hawezi kuuliza maswali.

Nikupe mfano wangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilinunua fondesheni kwa haraka, macho mlangoni, nikaonyesha kwa kidole chupa ya kwanza niliyoiona. Nilipofika nyumbani na kuipaka, nilikuwa na uso wa rangi ya jivu na shingo ya rangi yangu. Hiyo ilikuwa hasara ya pesa tu. Mara ya pili nilinunua krimu kwa mchuuzi fulani jioni, giza likiingia, kwa sababu gizani haulizi mtu. Haikuwa na jina la kiwanda wala tarehe ya kuharibika. Siku mbili baadaye mashavu yaliwasha yakatoa vipele. Mama alipouliza nikasema ni mbu. Sikuweza kwenda kwa mwenye duka la dawa kumweleza nimejipaka nini, maana hapo pia ningeulizwa ni ya nani.

Hili si jambo dogo. Tangu mwaka wa 1998 Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, kwa sababu zebaki huharibu figo na haidrokwinoni huweza kuiacha ngozi na madoa mabaya. Lakini bidhaa kama hizo bado huuzwa kichinichini. Sasa niambie, ni nani rahisi kuuziwa sumu: dada anayesimama kaunta akageuza chupa, akasoma viungo na kutafuta alama ya KEBS, ama kijana anayenunua gizani huku moyo unamdunda? Tukimwaibisha mnunuzi, tunamsukuma moja kwa moja kwa huyo muuzaji wa gizani.

Utasema, si uagize mtandaoni? Nilijaribu. Mzigo ulikuja kwa matatu, ukafikia kwenye ofisi yao ya mizigo, na kijana wa hapo akaliita jina langu kwa sauti huku akisoma karatasi iliyobandikwa juu: "Vipodozi!" Watu walicheka kama wako kwenye vichekesho. Halafu rangi yenyewe haikunifaa, kwa sababu rangi ya kwenye simu si rangi ya kwenye ngozi.

Turudi kwa ule uongo wa dada. Ikonge si Nairobi. Hapa uongo hauendi mbali kabla haujarudi nyumbani. Siku moja dada yangu mkubwa, yule wa kwaya ambaye hajawahi kupaka hata poda ya mtoto, alipita kwenye duka lile kununua sabuni. Mwenye duka akamuuliza kwa furaha, "Na ile lipstiki nyekundu, ilikukaa vizuri?"

Dada alinyamaza kidogo, halafu akajibu, "Ilinikaa sana."

Jioni alikuja jikoni nikiosha vyombo. Nilijua tu. Nilingoja matusi, au aniambie atamwita mchungaji. Alifunga mlango, akaniambia pole pole, "Wakati mwingine uniambie ni rangi gani, ndiyo nijue nadanganya kuhusu nini."

Mpaka leo hatujaongea zaidi ya hapo. Sijui anafikiria nini, na sidhani amekubali. Lakini swali la mwenye duka lilimfanya mtu asiyependa uongo adanganye kwa ajili yangu, na hilo linaniuma kuliko vijana wote wa boda wakicheka. Mwenye duka hakuwa na nia mbaya. Aliuliza tu kama tunavyouliza kila kitu huku kwetu. Swali la kawaida kwake lilikuwa zito kwetu nyumbani.

Sasa nigeukie wewe unayesema "huu ni upuuzi wa kutoka nje." Ndugu yangu, simu yako ina nini? Jioni mnakusanyika kutazama Flaqo akiwa Mama Otis, na leso kiunoni, na mnacheka mpaka machozi. Kelvin Kinuthia amejulikana Kenya nzima kupitia TikTok akiwa amevaa kike na kujipodoa, na wapo wengi hapa wanaomfuatilia kimyakimya. Katika mashindano ya drama ya shule, wavulana wa shule za wavulana wamekuwa wakicheza mama na shangazi miaka nenda miaka rudi, wamepakwa rangi, na wazazi wanapiga makofi. Je, ile poda wanaoigiza wamenunua wapi? Si dukani? Kumbe mwanamume aliyejipodoa anakubalika akiwa anatuchekesha. Akijipodoa kwa raha yake mwenyewe ndiyo tunataka maelezo.

Na wanaume kujipaka si jambo lililoletwa juzi na ndege. Morani wa Kimaasai hujipaka udongo mwekundu akapendeza. Katika nchi za Waarabu na huko Pwani kuna wanaume wanaopaka wanja machoni, hasa wakati wa sikukuu. Wasomaji wa habari wa kiume unaowaona kwenye runinga saa moja jioni wamepakwa poda ndiyo taa zisiwafanye wang'ae. Hata haya mambo ya "hii ni ya kike, hii ni ya kiume" yana mipaka yake. Sisi Wagusii tunamwita mama "baba". Mgeni akisikia mtoto wa Ikonge akimwita mama yake hivyo, anashtuka dakika moja, halafu anazoea.

Najua wapo watakaonifungulia Kumbukumbu la Torati 22:5. Naujua mstari huo, nimekulia kanisani. Sitaki kubishana na mchungaji, kwa sababu kanisani nimeenda kwa hiari na mafundisho yake ni haki yake. Lakini duka si madhabahu. Katika makanisa mengi ya hapa kwetu hata akina dada huonywa kuhusu rangi ya midomo na hereni, na bado mwenye duka huwauzia bila kuwauliza wanasali wapi. Basi hiyo heshima anayompa dada, anipe na mimi. Sijamwomba baraka. Nimemwomba poda.

Sheria nayo inasemaje? Watu wengi hudhani mwanamume kuvaa kike au kununua vipodozi ni kosa la jinai Kenya. Si kosa. Tena fungua Katiba ya 2010, Kifungu cha 27. Kinataja mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo: kabila, jinsia, umri, ulemavu, dini na mengine. Katikati ya orodha hiyo kuna neno ambalo wengi huliruka: mavazi. Na kifungu hicho hakiifungi serikali peke yake, kinamzuia mtu yeyote kumbagua mwenzake. Kifungu cha 28 kinalinda heshima ya kila mtu, na cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Yaani nikiuliza kama hii krimu inafaa ngozi ya mafuta, nina haki ya kujibiwa.

Haya si maneno ya karatasini tu. Kuna mtu aliyekamatwa Thika akiwa amevaa mavazi ya kike, akavuliwa nguo mbele za watu ili ionekane yeye ni nani. Alienda kortini, na mwaka wa 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba heshima yake na faragha yake vilikiukwa, ikaagiza alipwe fidia ya Sh200,000. Swali la kaunta si sawa na kuvuliwa nguo, siwezi kulinganisha. Lakini yote mawili yanatoka kwenye wazo moja, kwamba mwili wa mtu ni mali ya umma na kila mmoja ana haki ya kuukagua.

Nisije nikakuacha ukidhani wenye maduka wote ni wabaya. Kuna duka moja mjini Kisii nililoingia mwaka jana nikiwa nimejiandaa na uongo wangu wa kawaida. Mama wa pale hakuuliza. Alinitazama usoni, akauchukua mkono wangu, akapaka rangi tatu karibu na kiganja, akanipeleka mlangoni penye mwanga. "Hii ya katikati ndiyo yako, kijana. Hiyo nyingine itakufanya kama umemwagikiwa unga." Akanionyesha tarehe ya kuharibika, akaniambia nijaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio nisubiri siku moja. Nililipa kwa M-Pesa, nikatoka. Nilikaa kwenye matatu mpaka Ikonge nikiangalia mkono wangu. Tangu siku hiyo sijanunua kwingine, na wateja wawili nimempelekea. Wewe mwenye duka la Ikonge, hiyo pesa imekupita mlangoni ikipanda matatu.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Wewe unayeuza, uliza yale yanayohusu bidhaa: ngozi ni ya mafuta au kavu, unataka ya bei gani, kuna kitu kinachokuwasha? "Ni ya nani" haikusaidii kuuza. Wewe uliye nyuma yangu kwenye foleni, nunua mafuta yako. Kama lazima utazame, tazama bei.

Na wewe unayesoma haya umejifungia chumbani, ukidhani uko peke yako Nyamira nzima: hauko. Lakini usalama wako kwanza. Nenda saa ambazo duka halijajaa, nenda na rafiki unayemwamini, na kama mahali panakutisha, toka. Usinunue chupa isiyo na jina wala tarehe hata kama inauzwa nusu bei. Usiazimane penseli ya macho na mtu, macho huambukizana. Na usimtaje dada yako kabla hujamwambia.

Jumapili nikipata nafasi nitapita duka la hapa nyumbani. Poda yangu imekwisha. Safari hii nikiulizwa ni ya nani, nafikiria kusema, "Ni yangu, mama. Ni pesa ngapi?" Sijaamua kama nitaweza. Inategemea pia nani amesimama mlangoni, na kama ni wewe, msomaji, basi inategemea wewe.