Makanisa Mawili ya Posta Nusura Yaninyang'anye Mchumba

Jumamosi iliyopita nusura nibaki bila mchumba. Na msinicheke, kosa ni la Wajerumani!

Ilikuwa hivi. Bibie (jina kapuni) aliniambia: "Saa tisa tukutane Posta, pale kanisani, upande wa baharini." Nikamjibu poa. Nikapanda Mwendokasi kutoka Kimara, nikashuka Posta ya Zamani, nikajipanga mbele ya Kanisa la Azania Front. Saa tisa, hola. Saa tisa na nusu, hola. Napiga simu, yake imezimwa. Nikajua tayari, nimeshaachwa.

Kwa kukosa la kufanya nikaanza kulitazama lile kanisa. Jamani, miaka yote nalitumia kuelekezea watu njia, kulitazama sijawahi! Kuta nyeupe, paa la vigae vyekundu, mnara wa kengele umesimama kama askari wa gwaride. Kilichonichengua zaidi ni vipaa vidogo vya vigae juu ya madirisha, utadhani madirisha yamevaa kofia.

Kumbe mzee mmoja wa usharika alikuwa kivulini ananiangalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unasubiri mtu?"

"Nasubiri, ila naona mwenzangu hanisubiri."

Akacheka, akanisogezea nafasi. "Hizo kofia ni za jua na mvua. Mjerumani alikuja na mtindo wa kwao, jua la Dar likamtia adabu."

Basi nikapata darasa la bure. Wamisionari wa Kilutheri walifika hapa mwaka 1887. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu ya koloni lao Dar kutoka Bagamoyo, na mwaka 1898 ndio wa kanisa hili. Enzi hizo upande huu wa mji ulitengwa kwa Wazungu. Mtu kama mimi ningepita hapa nikiwa na mzigo kichwani, siyo nikisubiri mchumba.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Septemba 1916 Waingereza wakaiteka Dar, na wamisionari wa Kijerumani wakawekwa kizuizini. Wainjilisti Waafrika ndio waliobaki kuwachunga waumini. Barabara ya ufukweni ikaja kuitwa Azania Front, Azania likiwa jina la kale ambalo Wagiriki waliliita pwani yetu. Leo barabara ni Kivukoni, lakini kanisa limeng'ang'ania jina la zamani. Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa KKKT, na hili sasa ni Kanisa Kuu la Dayosisi ya Mashariki na Pwani.

"Mjerumani alijijengea mwenyewe," mzee akasema. "Ila waliobaki kulipaka rangi ni sisi. Sasa la nani?"

Kabla sijajibu, simu ikaita. Namba ngeni.

"Uko wapi wewe? Saa nzima niko kanisani!"

"Na mimi niko kanisani!"

Kimya. Kumbe mwenzangu alikuwa Mtakatifu Yosefu, dakika chache tu kwa mguu, ufukwe huo huo! Nilitimua mbio hadi watu wakadhani nimekwapua pochi.

Nikamkuta kanuna, kaazima simu ya mtu. Lile kanisa la Wakatoliki nalo lilijengwa na Wajerumani, wamisionari Wabenediktini, kati ya 1897 na 1902. Yaani watu wa nchi moja, miaka ile ile, bahari ile ile, lakini kila mmoja na kengele yake.

Na hapo ndipo penye donda letu. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri. Mama yake anasema ndoa ni Yosefu tu. Baba yangu anasema ni Azania Front, la sivyo nisimwite kwenye sherehe. Kwao ndoa ya mseto inahitaji ruhusa ya askofu. Miezi minne tumelikwepa jambo hili kwa kuongelea suti na keki.

Nikamshika mkono, tukarudi Azania Front. Mzee bado yupo.

"Ndiye huyu? Karibu mama."

Bibie akainua macho. "Mbona madirisha yana kofia?"

Mzee akamsimulia yote upya, nami nikasikiliza kama sijawahi kuyasikia. Wakati wa kuondoka bibie akaniambia, "Jumapili hii uje kwetu, ijayo nije kwenu. Halafu twende wenyewe kwa padri na mchungaji, kabla wazee hawajatugawana."

Nimekubali. Ndoa itafungwa wapi, sijui. Ila kama jengo la Mjerumani limeweza kuwa letu, na sisi wawili hatushindwi kuwa kitu kimoja.

Na wewe, ukimwambia mtu mkutane kanisani Posta, taja jina! Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.