KIBALI KABLA YA MSINGI

Tangu Mkoa wa Songwe uundwe mwaka 2016, Tunduma, mji wa mpakani na Zambia, umezidi kupanuka. Mpagazi, mama lishe na fundi huanza na chumba kimoja, wakitumai kuongeza cha pili Mungu akijalia. Hilo ni jambo la heshima. Lakini Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haiangalii udogo wa nyumba: chumba cha tofali nacho chahitaji kibali, kama ghorofa.

Wako wasemao kwamba kibali ni karatasi tu. Sivyo. Kibali hulinda njia ya maji ya mvua, nafasi ya choo na barabara ya gari la zimamoto. Asiye nacho hujenga juu ya shaka. Siku alama ya X ikichorwa ukutani, jasho la miaka mingi laweza kupotea asubuhi moja.

Hata hivyo, wajibu si wa upande mmoja. Mjenga vyumba viwili hana fedha za kumlipa msanifu. Twaishauri Halmashauri ya Mji iwe na ramani za nyumba ndogo zilizo tayari, na majibu yatolewe pasipo njoo kesho. Nanyi wananchi, ulizeni kabla ya kuchimba msingi. Sheria isiyofikiwa na mnyonge huzaa ujenzi holela.