Kitabu Kilichotugombanisha

Mwezi huu hatutazungumza habari za chanjo wala lishe. Tunaomba ruhusa yenu tuzungumze juu ya vitabu, maana hapa kwetu Tlawi kitabu kimoja kilikaribia kuvunja kikundi chetu, na tungependa mjue ilikuwaje.

Sisi ni akina mama kumi na mmoja. Hukutana Jumamosi jioni katika nyumba ya mmoja wetu, kwa zamu, tukiisha kukamua ng'ombe na kubandika maharage. Mmoja husoma kwa sauti, wengine hushona, huchambua mboga au hunyonyesha. Anayeijua Tlawi anaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Basi miezi hiyo tunasomea jikoni, karibu na moto. Wawili kati yetu hawakupata kusoma shule, na bibi mmoja anakisikia Kiswahili lakini kicheko chake kinangoja Kiiraqw. Tukifika mahali pagumu tunasimama, mmoja anamfasiria. Mara nyingi akishaelewa ndiye anayetuonyesha jambo ambalo sisi wasomaji tumelipita bila kuliona.

Wala si jambo jipya tulilolianzisha. Mwaka 1970 ulipotangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, akina mama nchini kote walikwenda kwenye kisomo, watoto mgongoni, wakaitwa ngumbaru na kuchekwa na vijana wao wenyewe. Halafu mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadili, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Sisi wengi tulikuwa hatujazaliwa, lakini tuliwasikia mama zetu wakihadithia. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tungali tunastaajabu jinsi kitabu kidogo kilichosomwa kwa pamoja kilivyochimbisha vyoo vingi hivyo.

Mapenzi yetu sisi ya vitabu yalianza kwa wizi, tukiri hivyo. Tulisoma chini ya blanketi kwa mwanga wa koroboi, mafuta ya taa yakiisha asubuhi tunaulizwa. Na hata leo, akina mama, tuseme kweli: mwanamke akishika jembe hakuna anayemwuliza neno, lakini akishika kitabu ataulizwa kama amemaliza kazi. Wengi wetu tulipoolewa tuliviweka vitabu chini ya kitanda pamoja na viatu vya arusi. Ndiyo maana tulipoanza kukutana, wengine walitoka nyumbani wakisema wanakwenda kwenye jumuiya. Siku hizi wanasema ukweli, na waume wamezoea. Mmoja huuliza, "Haya, mmefika wapi?"

Sasa ugomvi wenyewe. Dada mmoja, mwalimu, alituletea Rosa Mistika, kitabu cha Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020. Kilitoka mwaka 1971, na kuna wakati kilizuiwa shuleni kwa sababu kinaeleza waziwazi mambo ya msichana aliyeharibikiwa. Baadaye kiliruhusiwa, wanafunzi wakafundishwa. Mama mmoja wetu alikuwa ameisikia sifa yake mbaya. Alisimama akasema kitabu cha uchafu hakitasomwa katika kikundi cha akina mama Wakristo, na yeye ana binti kidato cha tatu. Hapo sisi tulifanya kosa: tulicheka. Alichukua kitenge chake akatoka, na wawili wakamfuata.

Kwa wiki mbili tulisoma bila furaha. Hatimaye tulimwendea nyumbani kumwomba radhi kwa kicheko kile. Tulimwachia kitabu, tukamwambia, "Mama, kisome wewe kwanza. Ukisema kisisomwe, hatutakisoma." Alikikalia wiki tatu. Sisi tulidhani amekitia motoni.

Alipokuja alikuwa mpole. Hakuzungumza habari za uchafu hata kidogo. Alizungumza juu ya Zakaria, baba yake Rosa, mlevi, ambaye mwanzoni mwa hadithi anampiga binti yake vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Akasema, "Hili la barua nimelifanya mimi." Kwake haikuwa barua, ilikuwa ujumbe katika simu. Alimpiga binti kwa mwiko mpaka ukavunjika, bila kuuliza ujumbe umeandikwa na nani wala unasema nini. Tangu siku hiyo mtoto alikuwa akimjibu "ndiyo mama" na "hapana mama", basi. Yeye aliona ni adabu.

Hakuna aliyecheka. Bibi yetu, akiisha kufasiriwa, alimshika mkono akaendelea kuushika mpaka chai ilipoletwa.

Tulikisoma kitabu chote, ikatuchukua karibu miezi minne. Kuna kurasa tulizozipita kimyakimya siku ambayo baba mkwe wa mwenye nyumba alikuwa ameketi ukumbini, nasi hatuoni aibu kusema hivyo. Mwishoni Rosa anajiua. Jumamosi ile hatukuweza kuendelea na jambo jingine, tukasali tukatawanyika. Sisi tunaokaa kwenye chumba cha kliniki tunawajua akina Rosa. Ni wale wanaokuja mimba ikiwa na miezi saba, wamejifunga kanga tumboni, hawajapimwa damu wala hawajameza kidonge hata kimoja cha kuongeza damu, kwa sababu mtu waliyemwogopa kuliko ugonjwa yuko nyumbani.

Mama yule alikwenda kwa binti yake, akamwomba msamaha. Waliyozungumza ni yao. Tunachojua ni kwamba wakati wa likizo binti alikuja naye Jumamosi moja, akatusomea kurasa kumi kwa sauti nzuri kuliko zetu zote.

Je, tunawashauri mwape binti zenu kitabu hiki? Kwa mtoto mdogo, hapana. Kwa msichana wa sekondari, sisi tunasema mama akisome kwanza mpaka mwisho, kisha wakisome pamoja. Kumtupia mtoto kitabu kizito halafu ukaenda shambani hakufai. Wako wenye maoni mengine. Kati ya wale wawili waliotoka, mmoja hajarudi hadi leo. Tukikutana njiani tunasalimiana vizuri, lakini nafasi yake karibu na moto tunaiona.

Kabla hatujasahau, neno moja la kiuguzi. Mama akisema siku hizi hapendi tena kusoma, kwamba maneno yanamchosha na kichwa kinauma, mwulizeni umri wake. Kuanzia miaka 40 hivi jicho hupoteza polepole uwezo wa kuona vitu vya karibu. Utamwona anasogeza Biblia mbali, mkono unakaribia kuisha. Huyo hajapoteza mapenzi ya vitabu, anahitaji miwani ya kusomea. Lakini apimwe hospitalini asichukue tu ya jirani, kwani huenda kuna mtoto wa jicho au presha ya macho, na ya pili hii mara nyingi huharibu macho bila maumivu. Katika kikundi chetu watatu walipimwa, na mmoja alilia alipoona herufi za nyimbo zake mwenyewe.

Na kuhusu kuazimana: andikeni. Sisi tulipoteza vitabu vitano mwaka wa kwanza kwa kuoneana haya. Kimoja tulikikuta dukani kinafungia karanga, kimebaki na sura tatu. Sasa tuna daftari la majina na tarehe, kila kitabu kimevikwa jalada la karatasi ya kaki kama zamani shuleni, na kinasafiri ndani ya mfuko wa nailoni, maana mvua za huku hazibishi hodi.

Hivi sasa tunasoma Hadithi za Wairaqw wa Tanzania, zilizokusanywa na Kamera na kutolewa mwaka 1978. Nakala ni moja tu, ya kuazima, imechoka. Tunakwenda polepole sana, kwa sababu bibi hutusimamisha kila mara: kwao haikusimuliwa hivyo. Basi msomaji anafunga kitabu, bibi anaanza upya kwa Kiiraqw, na safari hii sisi ndio tunaofasiriana. Jumamosi ijayo ni zamu ya nyumba yake. Ametuagiza kila mtu aje na ukuni mmoja.