Wanaosali Kambi Muru Wasimame Wapi?

Katika nchi za ng'ambo, Mkatoliki anayepinga uavyaji mimba ajua pa kusimama. Kliniki ina kibao, ina lango, ina saa za kufungua na kufunga. Naye huja na rozari yake akasali, na mwanamke akikaribia humwita kando akamsihi abadili nia. Jambo hilo limezua mvutano mkubwa. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Oktoba 31, 2024, inayokataza mtu yeyote kumshawishi au kumzuia mwanamke katika eneo la mita 150 kuzunguka kliniki hizo. Marekani mambo yalikwenda kinyume: mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya jimbo la Massachusetts iliyowaweka washauri kama hao umbali wa futi 35 kutoka mlangoni.

Mjadala huo hunijia akilini kila nipitapo Kambi Muru, kule Kibera. Najiuliza, hapa mwenye rozari atasimama wapi? Hakuna kibao wala lango. Kuna kibanda cha dawa chenye pazia nyuma ya kaunta, kuna namba ya simu iliyobandikwa kwenye mlingoti wa stima, na kuna mtu anayejulikana kwa jina la utani tu. Kawangware ni vivyo hivyo. Shirika la Marie Stopes, ambalo lina kliniki za wazi, lilipigwa marufuku kuavya mimba Novemba 2018 baada ya malalamiko juu ya matangazo yake, na marufuku hiyo ikaondolewa mwezi uliofuata. Aliyeshuhudia hayo hawezi kuweka kibao.

Chanzo cha giza hili ni sheria yetu yenyewe, inayosema mambo mawili kwa pamoja. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 26, yakiri kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kifungu hicho hicho charuhusu mimba kutolewa iwapo mtaalamu wa afya aliyehitimu aona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini. Kwa ajili ya ruhusa hiyo maaskofu wa Katoliki waliipinga Katiba katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, wakashindwa. Lakini Kanuni ya Adhabu iliachwa ilivyokuwa: miaka 14 gerezani kwa anayetoa mimba kinyume cha sheria, miaka saba kwa mwanamke mwenyewe. Wizara ya Afya iliandika mwongozo kwa wauguzi mwaka 2012, kisha ikauondoa Desemba 2013. Ilichukua hadi Juni 2019 kwa Mahakama Kuu kuamua kwamba kuuondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Uamuzi huo ulimkuta kaburini msichana ambaye kesi ilifunguliwa kwa ajili yake. Alibakwa, mimba ikatolewa kiholela, akafariki mwaka 2018.

Na hofu haikupunguza chochote. Utafiti wa Wizara na wenzake ulikadiria visa 465,000 hivi vya kuavya mimba mwaka 2012, na wanawake wapatao 120,000 wakatibiwa hospitalini kwa madhara yake. Makadirio ya mwaka 2023 yalikaribia visa 793,000. Nchi yenye sheria kali na makanisa yanayojaa kila Jumapili ndiyo iliyotoa hesabu hiyo.

Simwambii Mkatoliki aweke rozari chini. Imani yake ni yake, na Katiba imemuunga mkono nusu ya njia. Nisemalo ni kwamba msichana afikapo kwenye lile pazia, amekwisha kupita malango mengine mengi ambako hakumkuta mtu wa kumsihi. Alipita lango la babake aliyemfukuza. Alipita lango la shule, ingawa tangu mwaka 1994 sera ya serikali yamruhusu mama kijana kurudi darasani, na mwongozo wa kuitekeleza ukatolewa upya mwaka 2020. Ni wazazi wangapi wa Kambi Muru waliowahi kuelezwa habari hiyo? Anayejitolea kushauri akimshika mkono mzazi mmoja wakaenda pamoja kwa mwalimu mkuu, naamini amefanya kazi kubwa kuliko saa sita za kusimama barabarani.

Tena Wakatoliki wana chombo ambacho wengine hawana. Jumuiya ndogondogo hukutana nyumba kwa nyumba na huzijua nyumba hizo kuliko chifu. Tatizo ni kwamba msichana mjamzito huificha jumuiya kabla ya kumficha mtu mwingine yeyote. Tumbo likionekana hutolewa kwaya. Aliyempa mimba, waama, huendelea kupiga kayamba.

Mama mmoja wa jumuiya, ambaye amewashauri wasichana kwa miaka kadhaa, alinikubalia hayo bila ubishi. Aliniambia kwamba wengi humjia wakiwa wamekwisha kumeza dawa, kwa sababu humwogopa yeye kuliko muuzaji. Nikamuuliza afanyaje akibishiwa hodi usiku wa manane na binti anayevuja damu, anayehofia kwamba muuguzi ataita polisi. Kifungu cha 43 cha Katiba chasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, lakini usiku huo nani akumbuke vifungu?

Alinijibu kwamba ana namba ya kijana wa bodaboda. Humpakia binti katikati yake na dereva, wakaenda Hospitali ya Mbagathi, naye husali njia nzima. Katika jumuiya hajapata kumweleza mtu habari za safari hizo.